Tezi ya Shingo Baada ya Chanjo: Yaliyonipata na Unayofaa Kuyajua

Mwezi uliopita binti yangu alikuja nyumbani Kibokoni amempakata mwanawe. Mtoto ameshatimiza miezi tisa, na kwenye kijitabu chake cha kliniki imeandikwa tarehe ya kupelekwa chanjo ya surua na rubela. Tarehe yenyewe ilikuwa imepita wiki mbili. Nilipomuuliza mbona hajaenda, alinijibu bila ya kunitazama: "Mama, wewe chanjo ilikufanya nini? Au umeshasahau?"

Sikusahau. Kisa hicho nimekisimulia mwenyewe barazani, arusini na hata matangani, na kila nilipokisimulia nilikata kipande hiki na kuongeza kile, kama ilivyo desturi ya masimulizi. Sasa kimefika pahali pa kumnyima mjukuu wangu kinga ya surua. Basi nimeona nikiandike kikamilifu, bila ya chumvi na bila ya kuficha, kwa faida ya binti yangu na ya kila aliyewahi kunisikiliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, si daktari. Niliyoyaandika hapa ni niliyoyapitia, niliyoelezwa na walionitibu, na niliyoyasoma baadaye. Hayachukui nafasi ya daktari wako.

Yaliyonipata

Mwezi wa Mei 2022 nilikwenda kudungwa sindano ya nyongeza ya Korona. Mbili za mwanzo hazikunifanya lolote ila mkono kuuma siku mbili. Hii ya tatu nayo ilipita vivyo hivyo, nikaisahau. Siku ya kumi na mbili niliamka na maumivu chini ya taya upande wa kushoto, yakipanda hadi sikioni. Kumeza mate tu ilikuwa kazi. Jioni nikashikwa na homa.

Kliniki ya kwanza waliniambia ni koo, wakanipa antibayotiki za siku saba. Hazikusaidia. Kwengine nikaambiwa ni jino, na gego likang'olewa, gego zima lisilo na kosa. Maumivu yalibaki palepale, kisha yakahamia upande wa kulia.

Baada ya hapo moyo ulianza kwenda mbio hata nikiwa nimekaa kitako. Mikono ilitetemeka, kikombe cha kahawa nikikishika kwa mikono miwili. Usiku silali, na jasho lanitoka huku kusi lavuma na wenzangu wamejifunika shuka. Kwa wiki tano nilipungua kilo sita. Majirani walisema nimepigwa jicho. Shoga yangu mmoja aliniletea kombe, nikanywa. Dua sikuikataa, lakini nilijua kuna kitu mwilini kinachotaka kutafutwa.

Aliyenishika shingo kwa mara ya kwanza alikuwa muuguzi wa makamo katika zahanati ya mtaa. Wengine wote walinitazama mdomoni. Yeye alisimama nyuma yangu, akaweka vidole chini ya kongomeo, akaniambia nimeze mate. Niliruka kwa maumivu.

"Mwalimu," akasema, "hili si jino. Hii ni tezi."

Nikamwambia tezi ni ugonjwa wa wanaume. Alicheka mpaka akakaa. "Hiyo ni tezi dume, mwalimu. Hii ya shingoni kila mtu anayo, na wanawake ndio inaowasumbua zaidi."

Tezi hii ni ipi?

Vitabu huiita tezi dundumio. Iko mbele ya shingo, chini ya kongomeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Kwa mtu mzima ina uzito wa kama gramu 20 tu. Ikifura kupita kiasi ndipo watu huita rovu.

Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto, tumbo, hedhi, usingizi, hata fikra. Malighafi yake ni iodini, ambayo wengine huita madini joto. Sisi wa pwani huipata kwa samaki, na Wakenya wote huipata kwa chumvi. Chumvi inayotolewa Gongoni na Marereni, huko Kilifi, hutiwa iodini kabla ya kufika dukani kwa sababu sheria yataka hivyo.

Chini ya ubongo kuna tezi nyengine ndogo iitwayo pituitari, nayo ndiyo nahodha. Huangalia homoni zilizomo kwenye damu. Zikipungua, hutoa amri kwa wingi ili tezi ya shingo ifanye kazi zaidi. Zikizidi, hunyamaza. Amri hiyo ndiyo TSH unayoiona kwenye karatasi ya vipimo. Kwa hivyo TSH ikiwa chini sana, kwa kawaida maana yake homoni za tezi zimezidi. TSH ikiwa juu, maana yake homoni zimepungua. Wengi huisoma karatasi hiyo kinyume wakatishika bure.

Homoni zikizidi, dalili ni kama zangu: moyo kwenda mbio, kutetemeka, jasho, kukonda huku unakula, kukosa usingizi, kuendesha tumbo, hedhi kubadilika. Zikipungua mambo hugeuka: uchovu usioisha, kuhisi baridi, kunenepa, choo kigumu, ngozi kukauka, nywele kudondoka, hedhi nzito, na fikra kuwa nzito kama zilizolowa maji.

Chanjo inahusiana vipi?

Habari hizi hazikuanza na Korona. Hapo kabla palikuwa na ripoti chache za watu walioumwa tezi baada ya kuchanjwa chanjo ya mafua. Lakini ni mwaka 2021, dunia nzima ilipochanjwa kwa mpigo, ndipo ripoti zilipoongezeka. Miongoni mwa za mwanzo ni ya kutoka Uturuki: wanawake watatu, wote wafanyakazi wa afya, walipata uvimbe wa tezi wenye maumivu baada ya chanjo ya Korona iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa. Kisha zikaja kutoka nchi nyengine, na kwa aina zote kuu za chanjo hiyo.

Wanasayansi wametoa maelezo mawili. La kwanza ni kufanana kwa sura: kinga ya mwili hufundishwa kumtambua adui, na baadhi ya sehemu za adui huyo zikifanana na zilizomo ndani ya tezi, kinga huweza kumpiga asiyehusika. La pili lahusu vichocheo vinavyotiwa katika baadhi ya chanjo ili kuiamsha kinga. Mwaka 2011 daktari wa Israeli, Yehuda Shoenfeld, alipendekeza kuwa kwa watu wachache wenye maumbile fulani vichocheo hivyo huweza kuiamsha kinga kupita kiasi. Yote mawili ni mapendekezo yanayojadiliwa. Hakuna lililothibitishwa kuwa ndilo linalotokea kwa kila mgonjwa.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikikosea katika masimulizi yangu. Kitu kutokea baada ya chengine hakumaanishi kimeletwa nacho. Chukua mfano huu. Mama mjamzito hapa kwetu huchanjwa pepopunda. Ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, baadhi ya wanawake hupata uvimbe wa tezi usio na maumivu. Ugonjwa huu wajulikana kitambo, na chanzo chake ni kinga ya mwili kubadilika baada ya uzazi. Mama huyo akihesabu miezi kurudi nyuma atakutana na sindano, na atailaumu sindano, kumbe ni uzazi.

Isitoshe, Korona yenyewe huiumiza tezi. Mwaka 2020, kabla ya kuwepo chanjo yoyote ya kuutolea umma, madaktari wa Italia walieleza habari za msichana aliyepata uvimbe wa tezi wenye maumivu baada ya kuugua Korona. Wengine wengi walifuata. Ugonjwa huu aghalabu huja baada ya mafua au virusi vyengine, hata pasipo chanjo.

Dunia imetoa zaidi ya dozi bilioni 13 za chanjo ya Korona. Ripoti zilizochapishwa za kuumwa tezi baada yake huhesabiwa kwa mamia. Si kila mgonjwa huandikwa, mimi mwenyewe sikuandikwa popote, lakini hata ukizidisha mara nyingi bado ni jambo la nadra.

Daktari bingwa wa homoni aliyenitibu alinijibu kwa uaminifu: "Siwezi kukuapia kuwa ni chanjo, wala siwezi kukuapia kuwa siyo. Siku zinalingana. Ninaloweza kukuambia ni kuwa ugonjwa wako naujua, na watibika."

Aina nne za kuzitofautisha

*Uvimbe wenye maumivu.* Huu ndio ulionishika mimi. Huitwa kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain. Shingo huuma, maumivu hupanda taya na sikio, na huweza kuhama upande. Huwa na homa na uchovu. Katika ripoti za baada ya chanjo, wengi walianza kuumwa ndani ya wiki chache za mwanzo.

*Uvimbe wa kimyakimya.* Ni kama huo, ila hauna maumivu. Mtu hukonda na kutetemeka bila kujua kwa nini.

*Ugonjwa wa Graves.* Umepewa jina la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Hapa mwili hutengeneza kingamwili zinazoisukuma tezi ifanye kazi bila kusita, kama dereva aliyeacha mguu kwenye mafuta. Baadhi ya wagonjwa macho huwatokeza. Huu hauishi wenyewe upesi kama uvimbe.

*Tezi kuzorota.* Mara nyingi ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Kinga huila tezi polepole na homoni hupungua.

Zote nne zimeripotiwa baada ya chanjo, hasa ya kwanza na ya tatu. Na zote nne huwapata watu ambao hawakuchanjwa.

Vipimo, na kosa lililokaribia kunipata

Kipimo cha kuanzia ni TSH na T4 ya damu. Maabara nyingi za miji yetu hukifanya. Kama shingo inauma, daktari huongeza vipimo vya ESR na CRP vya kuonyesha uvimbe mwilini. Panapohitajika hupimwa kingamwili za Graves, na hupigwa picha ya ultrasaundi ya shingo. Ikiwa unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, mwambie daktari na uviache angalau siku mbili kabla ya kupimwa, kwa sababu huweza kuyapotosha majibu.

TSH yangu ilipatikana iko chini kabisa, na daktari wa kwanza kuiona aliniandikia karbimazoli, dawa ya kuizuia tezi. Bahati nilikuwa sijaianza nilipofika kwa bingwa. Alinieleza hivi: tezi ni ghala la homoni. Kwa mwenye Graves, kiwanda chafanya kazi kupita kiasi, na dawa hiyo hukipunguza kasi. Kwangu mimi kiwanda kimesimama. Ghala limebomoka ukuta na mali yamwagika nje. Kukifunga kiwanda kilichosimama hakuzuii mali kumwagika.

Dawa hiyo si mbaya, na kwa mwenye Graves ni mkombozi. Lakini ina hatari moja ya nadra: huweza kuziangusha chembe nyeupe za damu. Anayeitumia akipata koo na homa aisimamishe na akapimwe damu siku hiyohiyo. Kwa hivyo ukiandikiwa, uliza swali moja tu: "Daktari, je, umehakikisha kuwa tezi yangu inatengeneza homoni nyingi, au inavujisha tu?"

Matibabu

Uvimbe wenye maumivu hutibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito wasiitumie bila ya ushauri. Ikishindikana hutolewa prednisoloni, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo na haikatizwi kwa ghafla. Mimi ilinibidi niitumie. Siku ya pili nilimeza tonge la kwanza bila ya kulia. Moyo unaokwenda mbio hutulizwa na propranololi, lakini mwenye pumu aseme mapema, kwani yaweza kumbana kifua.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: baada ya ghala kumwagika, hubaki tupu. Miezi miwili baadaye nilikuwa mtu mwengine. Nilinenepa, nikawa nasinzia mchana, baridi yanishika Mombasa. Nilidhani ni ugonjwa mpya. Kumbe ni hatua ya pili ya uleule. Ndiyo maana vipimo hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa hadi mambo yatulie. Wengi hupona kabisa ndani ya mwaka. Mimi nilipona mwezi wa tisa. Wachache tezi haiamki tena, nao hutumia kidonge cha levothiroksini kila siku na huishi maisha yao kama kawaida.

Kidonge hicho humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya chuma na kalisi viachiwe muda wa saa nne. Katika Ramadhani, wengi hukimeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, au nusu saa kabla ya daku. Panga na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, usikiache.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Usingoje miadi ukiona homa kali pamoja na moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Maumivu ya kifua. Kupumua kwa shida. Au mgonjwa wa tezi aliyezorota kulala usingizi usioamshika na mwili kuwa baridi. Hizo ni dharura.

Mjamzito mwenye ugonjwa wa tezi asikatize dawa. Aende kliniki mapema, kwa sababu mahitaji ya levothiroksini huongezeka, na upungufu huweza kumdhuru mtoto. Anayetumia karbimazoli na anatarajia kushika mimba amwambie daktari kabla, kwani dawa hiyo katika miezi ya mwanzo huweza kumletea mtoto ulemavu.

Je, niache kuchanjwa?

Hili ndilo swali la binti yangu, na nimelifikiri sana.

Kuwa na ugonjwa wa tezi si sababu ya kukatazwa chanjo. Kinachokataza ni mzio mkali wa chanjo hiyohiyo au kitu kilichomo ndani yake. Kwa aliyewahi kupatwa kama mimi, uamuzi wa dozi nyengine ya chanjo ileile hufanywa na daktari kwa kuangalia umri, maradhi mengine na hatari iliyopo. Mimi sijapata tena ya Korona, kwa makubaliano na bingwa wangu. Lakini mwaka jana nilipokanyaga msumari uani nilidungwa ya pepopunda bila kusita, na shingo haikuuma.

Tuweke mizani sawa. Ugonjwa ulionipata ulinitesa miezi tisa na ukapona. Surua huleta nimonia, huweza kupofusha macho, kuharibu masikio na kuua, na huwaua zaidi watoto wadogo. Chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya miezi kumi na nane si chanjo ya Korona, na mjukuu wangu si mimi.

Na mimi sikuumizwa zaidi na sindano kuliko nilivyoumizwa na kuchelewa. Gego langu halikung'olewa na chanjo. Liling'olewa kwa sababu hakuna aliyenishika shingo. Kama kuna somo katika kisa changu, ni hilo: ukiumwa baada ya chanjo, usinyamaze na usikubali kunyamazishwa. Sema tarehe uliyochanjwa na aina ya chanjo, na uombe kupimwa TSH. Kisha tukio liripotiwe. Kenya tunayo Bodi ya Dawa na Sumu inayopokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo, na mwananchi mwenyewe aweza kuripoti mtandaoni au kupitia kituo cha afya. Kuripoti hakumaanishi unailaumu chanjo. Ndiyo njia ya kujua kama yaliyokupata yamewapata wengine.

Nilimsomea binti yangu makala haya kabla ya kuyapeleka. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa nini hukuniambia zamani habari za jino?" Nikamwambia ukweli: kisa kilikuwa kitamu zaidi bila ya jino.

Alhamisi tulikwenda kliniki pamoja. Alimuuliza muuguzi maswali matano, na alijibiwa yote. Mtoto alilia kidogo, akanyonya, akalala. Kwenye kijitabu tarehe imeshaandikwa, na ya miezi kumi na nane imetiwa penseli pembeni.